Mchana Uliopigiwa Kura

Kabla sijajifunza kusoma niliamini kwamba jua hujiendea lenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuvuta kamba kwa miaka minane, viganja vimeota sugu kama nyayo, na bado niliamini hivyo. Kamba niliidhani ni kazi tu kama kazi nyingine: unaambiwa vuta, unavuta, unaambiwa pumzika, unapumzika, na huko juu, mbali, jambo lisilokuhusu linaendelea kwa amri ya wakubwa. Kisha nikaingia darasa la ngumbaru, nikakaa benchi moja na watu wenye mvi, nikapambana na herufi kama mtu anayejitoa miiba mguuni, na baada ya mwaka mmoja na nusu nikaweza kusoma peke yangu sentensi ya kwanza ya Kitabu cha Kanuni za Shirika. Iliandikwa hivi: "Jua huvutwa na wafanyakazi." Niliisoma mara tatu. Nikatazama viganja vyangu. Nikatoka nje, nikainua uso, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona kamba inakokwenda.

Tangu siku ile swali moja halijaniacha nilale vizuri. Ikiwa sisi ndio tunaolivuta, mchana ni wa nani?

Mji wetu hauna jina. Jina hupewa kitu ili kukitenga na kingine, na sisi hatujawahi kuona mji mwingine unaopata mwanga. Unao uwanda mmoja mrefu, kutoka Lango la Mashariki hadi Lango la Magharibi, na katikati ya uwanda umesimama mlingoti wenye roda kubwa, na juu ya roda hupita kamba. Asubuhi watu mia mbili na kumi na wawili, wanawake kwa wanaume, hujipanga kwenye kamba, kila mmoja mahali pake, nao hutembea na jua kama watu wanaomtoa ng'ombe mkaidi zizini. Jioni hulifikisha. Hakuna siku iliyowahi kukosekana. Watoto wa mji huzaliwa, huoa, huzeeka, huzikwa, na hawaulizi kwa nini kumekucha.

Nafasi yangu ni ya hamsini na tatu. Mimi naitwa Lusewa, lakini nafasi ina majina yake, na anayeipokea huyapokea yote. Siku niliyoishika kamba, mzee aliyekuwa akiiachia aliniuliza, "Wewe nani?" Nikajibu kama nilivyofundishwa: "Mimi Lusewa, kabla yangu Mkwawila, kabla yake Sikujua, kabla yake Ndevu, kabla yake Mamboleo," na kuendelea hadi jina la kumi na moja, ambalo ni la mtu asiyejulikana kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Ndipo akaachia. Hatuachii kamba kwa mtu asiyejua majina. Na majina hayakai kimya ndani ya mtu. Mara nyingi, katikati ya kuvuta, nimekumbuka mto ambao sijawahi kuoga ndani yake, na harufu ya nyumba ambayo sikuzaliwa ndani yake. Nimemlilia mama ambaye si wangu. Zamani nilidhani ni uchovu. Sasa nadhani mtu ni nafasi inayopitiwa na wengi, na anayesema "mimi" amesema neno fupi mno.

Sasa niseme kuhusu mitungi, maana vita vyote vilikuwa juu ya mitungi.

Macho ya mvutaji huungua. Huwezi kulitazama jua miaka arobaini likakuacha mzima. Anayestaafu huona vizuri asubuhi, huona hadi adhuhuri, lakini jua likishapita utosi tu, yeye huingiwa na giza, ingawa mji mzima bado una mwanga. Kwa sababu hiyo wazee wetu wa kale, waliokianzisha Chama, walidai na wakapata akiba. Kila wiki mfanyakazi huweka alasiri moja. Adhuhuri ya zamu yako mtunza ghala hukugusa bega, nawe unafumba macho. Ukiyafumbua, jua liko machweoni, miguu imechoka, mikono imevuta, na alasiri yako imo ndani ya mtungi, mdomo umezibwa kwa nta, jina lako limeandikwa kwa chaki. Hukuiona. Utaiona uzeeni. Mstaafu hufungua mtungi wake baada ya adhuhuri, na mwanga ule, kwa kuwa ni wa jasho la kamba, macho yaliyoungua huupokea.

Mke wangu, Bi Asumini, aliwapikia watu wa kamba uji kwa miaka thelathini na tisa mbele ya moto na chini ya jua lilelile. Alistaafu miaka miwili kabla yangu. Alikuwa akifungua mitungi yake peke yake, anakaa kibarazani na alasiri yake, na mimi bado niko uwandani. Jioni nikirudi huniambia, "Leo ilikuwa ya masika. Ilikuwa na mvua kidogo na jua kidogo. Ungeipenda." Mimi nilibakiwa na siku kumi na tatu. Baada ya siku kumi na tatu tungekaa wote wawili.

Ndipo akaja Mwekezaji.

Siwezi kukueleza sura yake, kwa sababu kila aliyemtazama aliona sura yake mwenyewe ikiwa imeshiba. Mimi nilimwona Lusewa wa miaka thelathini, hana sugu, ana saa ya mkononi. Alifuatana na karani wa Serikali, kijana mnyenyekevu aitwaye Mbwilo, aliyebeba daftari kifuani kama mtoto mchanga. Walitukuta kwenye kamba saa nne asubuhi. Mwekezaji akapanda juu ya jiwe na kutueleza mpango kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi. Shirika la Jua litauzwa kwake. Kamba itafupishwa, wavutaji watabaki nusu, na ujira utakuwa nusu, kwani jua ni lilelile. Mwanga utapimwa kwa kibaba na kupelekwa nyumba kwa nyumba kwa watakaoumudu. Na mitungi iliyomo ghalani, kwa kuwa imekaa tu bila kuzalisha, itasafirishwa kwa wateja wa mbali wanaopenda alasiri nzuri.

Kisha akasema, "Anayepinga anyooshe mkono."

Hapa, msomaji, inakubidi ujue jambo moja ambalo yeye hakulijua. Mtu wa kamba hanyooshi mkono. Hafanyi hivyo kwa salamu, wala kwa nzi aliyetua puani, wala kwa kiapo. Mikono miwili iko kwenye kamba, na mmoja akiachia bila kupokewa, aliye nyuma yake huvunjika bega. Kwa hiyo tangu enzi na enzi sisi hupiga kura kwa miguu. Anayekubali hutulia. Anayepinga hupiga guu chini.

Tulipiga miguu mia mbili na kumi na miwili. Uwanda ulitikisika. Vumbi lilipanda hadi kwenye roda. Tulipiga tena, na tena, hadi magoti yakauma, na tulipomaliza tulijua kwamba tumekataa kwa namna ambayo haijapata kukataliwa.

Mwekezaji alitabasamu na kupiga makofi. Alimwinamia karani, akamwambia neno, karani akaandika, wakaenda zao.

Kesho yake tangazo lilikuwa kwenye ubao wa Lango la Mashariki. Watu walinisubiri nifike, maana ngumbaru ilinipa heshima hiyo: mimi ndiye msomaji wa zamu. Mbele yangu alisimama Nyangeta, mwenyekiti wetu wa Chama, mwanamke wa nafasi ya kwanza, mwenye mabega kama milango. Nyuma yangu alikuwa Kihwelo wa nafasi ya hamsini na nne, mtani wangu kwa kabila na kwa kamba.

"Soma, Mzee Lusewa," Nyangeta akasema.

Nikasoma: "Wafanyakazi walipewa nafasi ya kupinga. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote walicheza ngoma kwa furaha. Mkataba utatiwa saini kesho alasiri."

Halafu Kihwelo akasema, "Walicheza ngoma! Mtani, na wewe uliyecheza vibaya vile, watakulipa nusu ya nusu."

"Nyamaza, wewe mla panya," nikamwambia.

"Ninyamaze? Nilipiga guu mpaka ukucha ukang'oka! Kumbe nilikuwa nawatumbuiza."

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika katikati kama uzi. Nyangeta hakucheka. Aliuliza, "Mzee, hicho kitabu chako kinasemaje? Tukigoma?"

"Kanuni ya tisa: atakayegoma amejifukuza kazi mwenyewe, na mitungi yake ni mali ya Shirika."

"Basi wametuweka kinywani mwa mamba."

"Nipe hadi jioni," nikasema.

Siku ile nilivuta kamba kwa mikono na kusoma kwa kichwa. Kitabu chote nimekihifadhi. Wengine huhifadhi sala. Nilipita kanuni moja baada ya nyingine kama mtu anayepita nyumba za jirani akitafuta moto. Na nilifikiri pia. Kwa nini mwenye nguvu hupenda sana karatasi? Kwa sababu karatasi haina mabega. Mtu aliyeandikwa amekubali hawezi kutokwa jasho juu ya karatasi, hawezi kukohoa, hawezi kusema la. Hutuogopa tukiwa watu, hutupenda tukiwa wino. Nikajiambia: Lusewa, ulijifunza kusoma ukiwa na watoto watatu na mgongo unaouma. Ulijifunza kwa ajili ya nini? Ili usome matangazo ya kifo chako kwa matamshi mazuri? Tafuta. Mkwawila hakujua kusoma. Sikujua hakujua kusoma. Ndevu aliweka kidole gumba. Wote wamo humu ndani, wanakusubiri ufungue ukurasa. Tafuta, mzee. Tafuta.

Karibu na Lango la Magharibi nilisimama ghafla, Kihwelo akanigonga mgongoni.

"Umekufa?" akauliza.

"Kanuni ya kumi na nne," nikasema.

Kanuni ya kumi na nne inasema hivi. Mali ya umma ikitaka kuuzwa, hata mfanyakazi mmoja anaweza kudai kura irudiwe kabla ya saini. Kura hiyo itapigwa kwa mkono, mtu mmoja mmoja, na kila mmoja ataandikwa jina lake kamili. Mkono ulionyooshwa hautashushwa mpaka wa mwisho aandikwe. Anayepiga kura haadhibiwi wala hasumbuliwi, kwa kuwa kupiga kura si kugoma.

Nyangeta alinisikiliza, akaanza kutabasamu polepole. "Jina kamili la mtu wa kamba ni lipi, mzee?"

"Ni lake na majina ya wote waliomtangulia."

"Na mtu aliyenyoosha mkono mmoja anaweza kulivuta jua?"

"Anaweza kulishikilia tu. Kulivuta hawezi."

"Na wao hutia saini kwa kitu gani?"

Huku kwetu mkataba hausainiwi kwa kalamu. Mnunuzi husimama mbele ya karatasi na kivuli chake huanguka juu yake. Karatasi hushika kivuli, na mali huwa yake. Ndiyo maana mikataba yote hufanyika alasiri, vivuli vinapokuwa virefu. Na adhuhuri, jua likiwa utosini, hakuna mtu mwenye kivuli, awe tajiri, awe maskini.

"Kwa hiyo," akasema Nyangeta, "kesho tutapiga kura adhuhuri."

Siku iliyofuata tulivuta jua vizuri kuliko siku zote, bila kuchelewa hata hatua moja. Chini ya mlingoti palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, karatasi ya mkataba, Karani Mbwilo, na Mwekezaji akisubiri kivuli chake kirefuke. Jua lilipofika utosini kabisa, Nyangeta akaita, "Kamba!"

"Mkononi!" tukajibu.

"Simama!"

Tukasimama. Na mimi, ambaye kwa miaka arobaini sikuwahi kunyoosha mkono, nikasikia Kihwelo akininong'oneza nyuma, "Nyoosha, mtani. Bega lako nimelishika." Nikaondoa mkono wangu wa kulia kwenye kamba. Ulikuwa mwepesi kupita kiasi, kama kitu kisicho changu. Nikaunyoosha.

"Nadai kura," nikasema. "Kanuni ya kumi na nne."

Mbwilo alifungua Kitabu, akasoma, akasoma tena. Alimtazama Mwekezaji. "Ni kweli, bwana. Ipo."

"Haraka basi," Mwekezaji akasema. "Waandike."

"Jina kamili?" Mbwilo akaniuliza.

"Lusewa, na kabla yangu Mkwawila, aliyevuta miaka thelathini na sita, na kabla yake Sikujua, aliyejifungulia mtoto hapa uwandani, akampa jirani amshike, na jua halikusimama..."

"Mzee, na hayo niyaandike?"

"Bila hayo Sikujua ni nani? Wako wengi."

Akaandika. Jina langu peke yake lilimaliza kurasa mbili. Kisha Kihwelo, ambaye ana majina kumi na tisa, na kila moja lilikuwa na kisa, na visa vingine, Mungu anisamehe, sidhani kama vilitokea.

Hapo ndipo ulipoanza mchana ule. Siwezi kusema ulikuwa siku ngapi. Siku hukatwa na usiku, na usiku haukuja. Tulipima kwa vyungu vya uji: vilikuwa vyungu tisa. Jua lilikaa utosini kama msumari. Mikono ilipanda mmoja baada ya mwingine, ya kushoto na ya kulia, na kila uliopanda haukushuka. Kamba ilitetemeka lakini haikurudi nyuma hata shubiri moja. Chungu cha kwanza watu wa mji walikuja kulalamika. "Nyie, nguo zimekauka mpaka zinavunjika!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Mtaachia lini?" Kihwelo akamjibu, "Dada, hatujagoma. Tunapiga kura. Ukitaka tumalize upesi, muombe karani apunguze mwandiko mzuri." Nyangeta ndiye aliyewaeleza kibaba ni kipimo gani, na kwamba nyumba isiyomudu kibaba itakaa gizani saa za mchana. Waliondoka kimya. Chungu cha pili walirudi na maji.

Na wastaafu wakatoka. Hili hakuna aliyekuwa amelifikiria, hata mimi. Adhuhuri haikupita, kwa hiyo giza lao halikuja. Walifungua milango kwa uoga, wakapiga hatua moja, wakapiga ya pili, wakaona bado wanaona. Nilimwona Bi Asumini akija uwandani kwa mwendo wa msichana, bila fimbo.

"Leo sijafungua mtungi," akaniambia, "na nakuona. Umekonda. Mkono wako je?"

"Umeshachoka," nikajibu.

"Ulete hapa." Akaja akasimama chini ya mkono wangu, akautegemeza kwa bega lake. Wenzake walipoona hivyo, nao wakafanya vivyo hivyo. Kila mstaafu akatafuta mkono wa kutegemeza, na wengine walitafuta nafasi zao za zamani, wakasimama kando ya aliyezirithi, na sikuweza tena kutofautisha nani anavuta na nani aliwahi kuvuta. Mara nilikuwa Mkwawila na Bi Asumini alikuwa mtu nisiyemjua aliyenipenda sana. Mara nilikuwa mtoto wa Sikujua, nimeshikwa na jirani, natazama mikono juu yangu kama msitu. Sikuogopa. Niliwaza: huu ndio Chama. Si kadi, si ofisi, si muhuri. Ni bega lililo chini ya mkono.

Mwekezaji naye hakukaa bure. Alijaribu taa ya karabai, lakini nani amewahi kupata kivuli cha taa mbele ya jua la utosi? Alijaribu kulala chini kando ya karatasi. Kisha akafungua mwavuli mkubwa mweusi, akaushika juu ya meza, na kweli, kivuli kikaanguka juu ya mkataba, nayo karatasi ikakishika.

"Tayari!" akapiga kelele. "Nimetia saini!"

Mbwilo akainama, akachunguza. "Hapana, bwana. Hiki ni kivuli cha mwavuli. Kwa mujibu wa karatasi, mwenye Shirika sasa ni mwavuli."

"Shikamoo, bosi!" Kihwelo akauamkia mwavuli, na watu mia mbili na kumi na wawili wakauamkia kwa pamoja. Mwekezaji aliufunga kwa hasira, karatasi ikaachia kivuli chake, na hakujaribu tena.

Chungu cha saba alinijia mimi. Alikuja taratibu, na sura yake ilikuwa sura yangu ya ujana, na sauti yake ilikuwa ile ninayojisemea nayo mwenyewe.

"Lusewa," akasema, "umebakiza siku kumi. Nitakupa mitungi yako yote leo, na ya mkeo yote, na mingine mia. Utakaa naye mpaka mwisho wa maisha yenu, hamtaona giza hata mara moja. Shusha mkono tu. Ukishuka mmoja kabla ya wa mwisho kuandikwa, kura imevunjika. Hakuna atakayekulaumu. Wewe ni mzee. Mikono ya wazee huanguka."

Sitadanganya. Niliutaka mpango ule kwa mwili wangu wote. Nilimtazama Bi Asumini aliyekuwa chini ya kwapa langu, jasho limelowesha kanga, miguu imevimba. Yeye alikuwa amesikia kila neno.

"Unaulizwa wewe," akaniambia. "Mimi nimeshika tu."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema, alasiri iliyoibwa kwa jirani ina joto gani? Nitakaa nayo vipi kibarazani, na mke wa Kihwelo yuko gizani ng'ambo ya ukuta, namsikia anapapasa?"

Nikamgeukia Mwekezaji. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makubwa ya kitabuni, lakini yalinijia madogo. Nikamwambia, "Kijana, sura yangu inakukaa vizuri. Ila viganja umesahau kuviiga." Alitazama viganja vyake laini. Na hapo, mbele ya macho yangu, ile sura ikamtoka, na chini yake hapakuwa na sura nyingine. Palikuwa na mtu mwenye kiu. Bi Asumini akampa maji. Akanywa, akarudi mezani.

Karani Mbwilo alikuwa ameandika daftari sita. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja. Alipofika nafasi ya mia mbili na tisa, mvutaji akataja majina yake, na la pili likawa Tausi binti Mbwilo, wa Kilima cha Chumvi.

Kalamu ikasimama.

"Rudia," akasema.

"Tausi binti Mbwilo. Alikufa kabla ya kustaafu. Mitungi yake haikufunguliwa, bado iko ghalani, rafu ya nyuma."

"Huyu ni bibi yangu," Mbwilo akasema, si kwetu. "Nyumbani walituambia alikuwa mtu wa ofisini." Akaliandika jina lile kwa herufi kubwa, polepole, kuliko jina lolote, na hakuna aliyemharakisha.

Wa mwisho aliandikwa uji wa chungu cha tisa ukiwa bado motoni. Mbwilo akasimama, daftari saba mbele yake, akasoma: "Waliopinga, mia mbili na kumi na wawili."

"Waliokubali niandike mimi!" Mwekezaji akasema.

"Wewe si mfanyakazi, bwana."

"Na wewe ni karani tu! Unajua nitakufanya nini?"

"Sijui," Mbwilo akajibu. "Najua nilichoandika. Waliokubali, hakuna. Shirika haliuzwi, ujira haukatwi, mitungi haiguswi. Kura imefungwa." Akauchukua mkataba mezani, ule mweupe usio na kivuli cha mtu, akaukunja, akashikia nao kingo za moto za chungu cha uji, akakiepua.

Sauti iliyotoka uwandani sitaweza kuiandika. Ngumbaru haina herufi zake. Watu wa mji walipiga vigelegele, wastaafu walipiga miguu chini, na safari hii hata Mwekezaji alielewa kwamba si ngoma. Aliondoka akielekea kusini, peke yake, bila saa ya mkononi. Nyangeta alifuta uso kwa mkono wa gauni, akarudi nafasi ya kwanza.

"Shusheni mikono, ndugu zangu. Kamba!"

"Mkononi!"

"Vuta!"

Jua lilikuwa limezoea kukaa. Mwanzoni halikusogea. Tulivuta sisi na walioturithisha, wastaafu nao wakashika mahali palipobaki, na watu wa mji, ambao hawajawahi kuigusa kamba tangu mji uwe mji, wakashika mkia wake. Nilimwona yule mwanamke wa nguo zilizokauka amekaza meno. Roda ikalia. Jua likaondoka utosini upana wa kidole, na chini ya kila mguu kikachungulia kivuli, chembamba, cheusi, kipya. Watu walivitazama vivuli vyao kama waliozaliwa sasa hivi. Hakuna aliyeuliza tena mchana ni wa nani.

Mimi nilivuta kwa mkono mmoja. Wa kulia ulikataa kushuka. Wenzangu wote walishusha, wangu ukabaki juu, umekakamaa kuanzia bega. Kihwelo aliuning'inia apate kuushusha, ikashindikana. Waganga wameukanda kwa mafuta ya nyonyo, wakakata tamaa. Nilimaliza siku zangu kumi hivyohivyo, nikamkabidhi nafasi mwanamke mmoja aliyeyataja majina yote kumi na mawili bila kukosea, nikarudi nyumbani na mtungi wangu wa kwanza chini ya kwapa la kushoto.

Sasa tunakaa kibarazani wote wawili. Adhuhuri ikipita tunafungua mmoja wangu au mmoja wake, kwa zamu, na mwanga unamwagika miguuni petu. Kisa hiki nakiandika kwa mkono wa kushoto, ambao ilibidi niufundishe herufi upya, a, e, i, o, u, katika umri huu. Wapita njia hunitania: "Mzee Lusewa, bado unapinga?" Nawaambia bado. Na Bi Asumini, ambaye hapendi kitu kikae bure, akifua huanika kanga yake kwenye mkono huo, nami nakaa nikiwa nimenyooka, nisitikisike, mpaka ikauke.